Turubai la Matanga

Wewe uliyekaa kiti cha mbele, sahani ya wali magotini, fulana yenye picha ya marehemu kifuani: uliwahi hata siku moja kwenye matanga ukauliza watoto wa marehemu wako wapi? Usitazame pembeni. Hukuuliza. Hata mtu wa habari hii hakuuliza, na yeye ndiye aliyewaficha.

Mtu mmoja alikuwa na dada, na dada huyo alikuwa na shamba la mahindi na watoto wawili. Mtu aliitwa Wepukhulu. Dada aliitwa Nasambu. Watoto walikuwa Khisa, mvulana wa miaka kumi na miwili, na Nanjala, msichana wa miaka saba. Wao walimwita Khocha, kama watoto wa upande ule wanavyomwita mjomba.

Wepukhulu alisifika kwa mambo mawili. La kwanza lilikuwa unyevu. Msimu wa mavuno ukifika, hakuna aliyethubutu kushona mdomo wa gunia kabla Wepukhulu hajaleta chupa yake. Ilikuwa chupa ya soda, nyeupe, iliyokaushwa kau. Alitia konzi moja ya mahindi yaliyopukuchuliwa, akatia kijiko cha chumvi, akatikisa, kisha akaiinua juani watu waone. Chumvi ikianguka yote chini, shona gunia. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yana maji ndani hata kama nje yanang'aa kama meno ya bibi harusi, yarudishe juani. "Mahindi hayalii," alipenda kusema, "lakini chumvi haidanganyi." Watu wakacheka, wakarudisha mahindi juani, na mwaka huo wakala chakula kisicho na ukungu.

La pili lilikuwa misiba. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi, na mazishi yake yalikwenda kwa saa. Programu za rangi, kipaza sauti kisichokoroma, waheshimiwa kivulini, nyama imeiva kabla ya sala ya mwisho. Na katika kila ripoti hakukosa sentensi hii: "Kuhusu watoto, tunamshukuru Mungu, wamepokea vizuri." Watu waliitikia amina. Hakuna aliyeuliza wamepokea nini, wala mkononi mwa nani.

Basi Nasambu akafa, na akafa katikati ya mavuno. Mahindi yake yalikuwa yamepukuchuliwa na, baada ya mvua, kuanikwa tena uani juu ya turubai la buluu, siku ya pili tu juani. Wepukhulu alifika asubuhi na daftari lake. Akatazama ua, akahesabu viti kwa macho, akaona kwamba ua umejaa mahindi na wageni hawana kivuli.

"Yatieni kwenye magunia," alisema. "Turubai lipande juu."

Kijana mmoja mwenye sindano ya kushonea aliuliza, "Hatutikisi chupa, mwenyekiti?"

"Watu wanatoka Nairobi, wewe unaniletea habari za chupa? Shona!"

Wakashona. Magunia matano yakasukumwa nyuma kabisa ya stoo, mlango ukafungwa. Kisha Wepukhulu akageuka, akawaona Khisa na Nanjala wamesimama pale mahindi yalipokuwa, na kwa sauti ile ile, kabla hata hajafunga daftari, akasema, "Na hawa pia waondoeni hapa."

Wakaondolewa. Walipelekwa nyumba ya tatu, wakapewa biskuti na televisheni. Waliitwa mara mbili tu. Mara ya kwanza walisimamishwa kando ya jeneza wapigwe picha, na mpiga picha akawaambia wainue maua kidogo. Mara ya pili waliitwa waambiwe. Khisa aliambiwa, "Wewe sasa ndiye mwanaume wa boma hili. Jikaze. Be strong." Nanjala aliambiwa, "Ukilia, mama hatapumzika." Aliyesema ni Khocha wao, na aliyasema kwa upendo, akiwa na haraka.

Jioni ile, chini ya lile turubai la buluu, alisoma ripoti yake. Wamepokea vizuri. Amina.

Kulikuwa na jambo ambalo Wepukhulu peke yake alilijua. Mwaka uliotangulia alimsindikiza dada yake hospitalini, na daktari akasema mbele yake kwamba moyo wa Nasambu umevimba na hautakaa muda mrefu. Nasambu alimshika mkono akamwomba watoto wasijue. Akanyamaza, na wakati ule kunyamaza kulikuwa mapenzi. Baada ya mazishi aliendelea kunyamaza, na sasa ulikuwa uvivu uliovalishwa suti ya heshima.

Aliwachukua watoto kwake. Hakuwanyima kitu, viatu wala karo, na aliwatazama akaridhika, kwa sababu hakuna aliyelia. Khisa alianza kupigana shuleni. Akampiga mwenzake mpaka akamvunja jino, na Wepukhulu akamchapa viboko vinne ili ajifunze kwamba kupiga ni vibaya. Naye Nanjala aliacha kusema. Alijibu "ndiyo", alijibu "sijui", basi. Ugali hakuugusa tena. Alikula ndizi, alikula viazi vitamu, akakonda shingo ikabaki kama ya kifaranga. Na kila wingu lilipotanda, popote alipokuwa, alikimbia nyumbani akaanua. Alianua nguo, kuni, mboga za kukausha, hata viatu vya watu. Siku moja alitoroka darasani katikati ya hesabu kwa sababu ya wingu, na mwalimu wake akaja kushtaki.

"Siku hizi hata bidii inashtakiwa?" Wepukhulu alimcheka mwalimu. Na wageni walipofika alimwita mtoto katikati ya sebule. "Mnamwona huyu? Miaka saba! Wingu liko Uganda, yeye keshaanua. Huyo ni mama yake mtupu."

Nanjala alitazama sakafu. Wepukhulu alidhani ni adabu.

Mtoto aliyekuwa akikauka nje huku ndani akioza alilala chumba cha pili kutoka kwa bingwa wa unyevu wa kata nzima, na bingwa hakutikisa kitu.

Miezi miwili ikapita. Jumamosi moja, siku ya soko, watu wakiwa wameondoka, Wepukhulu alikwenda kufungua stoo ya dada yake. Alifungua mlango, harufu ikamrukia kama mbwa. Aliingiza mkono kwenye gunia la kwanza. Ndani mlikuwa na joto, joto la mwili wa mgonjwa, na mkono ukatoka na vumbi la kijani. La pili vile vile. La tatu lilikuwa limeshikana kama tofali. Akavuta mlango haraka nyuma yake.

Aibu yake ya kwanza ilikuwa aibu nyepesi, ile ya watu watasema nini. Bingwa wa chupa, mahindi ya dada yake yameoza! Akatafuta jembe, akaenda nyuma ya stoo, akaanza kuchimba shimo ayafukie kabla soko halijavunjika.

"Mwenyekiti!" Sauti ilitoka upande wa ua. "Leo unamzika nani bila programu?"

Alikuwa Nelima, mjane wa boma la jirani, aliyepukuchua mahindi pamoja na Nasambu misimu kumi na moja. Mwanamke mwenye ulimi, na kikapu kichwani. Alipita uwazi wa ua bila kukaribishwa, akafungua stoo, akanusa. 

"Chupa yako ilikuwa wapi siku ile?"

"Nelima, tafadhali. Sauti."

"Ilikuwa mfukoni mwako. Tuliiona." Akatua kikapu. "Haya matatu ni ya kuchomwa moto, hata kuku usimpe. Hayo mawili mengine bado hayajaoza yote. Tukiyamwaga juani leo, yakachambuliwa punje kwa punje, yatapona. Turubai liko wapi?"

"Kwangu. Limekunjwa."

"Lilete. Na uniitie watoto."

"Hawa wangu wawili hawatoshi kazi hiyo."

"Sikusema wako. Wa nyumba zote ulizosimamia misiba mwaka huu. Mikono midogo, macho makali."

"Watoto wa watu waje waone nimeozesha mahindi?"

"Walishakuona ukifanya mabaya zaidi."

Nyumba zilikuwa nne, watoto wanane. Alisimama kwenye njia panda ajikumbushe waitwe nani na nani, akagundua kwamba anakumbuka idadi ya viti vya kila msiba, na bei ya kila jeneza, na hakumbuki jina la mtoto hata mmoja ila hawa wa dada yake. Ikabidi abishe hodi na kuuliza. Aibu ya pili ilianzia hapo, na hiyo haikuwa nyepesi.

Walikuja. Turubai likatandikwa chini, pale pale uani, magunia mawili yakamwagwa katikati, watoto wakakaa kulizunguka, miguu wazi. Wepukhulu hakuweza kukaa nao. Aliingia stoo na ufagio akajifanya anafagia, mlango akauacha wazi kiasi cha sikio.

Nelima alitoa maelezo machache. Nzima huku, mbovu kwenye mkebe. Hakuna haraka. Anayetaka kusema, aseme. Anayetaka kunyamaza, anyamaze. Kisha akaanza yeye, macho yakiwa kwenye punje. "Mama yangu alipokufa nilikuwa kimo chako wewe. Alikuwa ameniahidi viatu. Nilimkasirikia miaka mitatu kwa viatu vile, nikaona haya kumwambia mtu." Akatupa punje moja mkebeni. Ti.

Kisha mvulana mmoja, Kundu, aliyefiwa na baba mwezi wa Februari, akasema, "Kwetu walichinja mbuzi wangu. Hata hawakuniuliza."

"Alikuwa mtamu?" aliuliza msichana mmoja.

"Sikumla, wewe! Alikuwa na jina."

Wakacheka. Wepukhulu alisimamisha ufagio. Hakuwahi kuwaza kwamba kwenye matanga kuna kitu cha mtoto kinachochinjwa.

"Heri wewe," alisema mwingine, wa miaka minane hivi. "Mimi niliambiwa ndiye mwenye boma sasa. Na komeo la mlango silifikii!"

Wakacheka tena, huyu naye akacheka pamoja nao, akacheka, akacheka, halafu kicheko kikageuka kilio katikati ya pumzi. Hakuna aliyemwambia nyamaza. Msichana wa mbuzi mtamu alisogea tu, magoti yao yakagusana, na mikono yao ikaendelea kuchambua.

Ndipo Khisa aliposema, polepole, kama anayeng'oa mwiba. "Yule niliyemvunja jino, alinitukana tu. Alisema 'mamako', vile watu wote husema. Mwingine angemrudishia. Mimi nilitafuta mama wa kutukaniwa nikamkosa, nikapiga."

Ndani ya stoo, Wepukhulu alihesabu viboko vinne, kimoja kimoja, na safari hii vilimwangukia yeye.

Wingu likapita mbele ya jua. Halikuwa kubwa. Nanjala aliruka kama aliyeumwa na nyuki, akajitupa kifudifudi juu ya mahindi, akaanza kuyakumbatia, kuyavuta, kuyarundika kwa mikono na kidevu, nzima na mbovu pamoja, akihema. Watoto wawili walicheka, kisha wakaona uso wake wakaacha. Nelima hakumshika. Alisema tu, "Nanjala, mahindi yapo. Unaanua ya siku gani?"

Na mtoto ambaye miezi miwili alikuwa amesema "ndiyo" na "sijui" alisema:

"Niliambiwa nilinde mvua. Nikaenda kuona watoto wa mbwa, mvua ikaja, mama akakimbia kuanua, akalowa, akafa. Ni mimi niliyemuua mama."

Wepukhulu alishikilia nguzo ya stoo. Akaona ugali usioguswa, na shingo ya kifaranga. Akaona sebule yake, wageni wake, na mtoto aliyeitwa katikati ya watu asifiwe kwa bidii, huku kila sifa ikimwambia, naam, anua, ulichelewa mara moja.

Kundu akaacha kuchambua. "Mimi nilimwambia baba afe," alisema. "Alininyima kwenda mpira. Wiki iyo hiyo akafa."

"Mimi nilikula dawa ya dada," alisema mwingine, mdomo haufunguki vizuri. "Ilikuwa tamu. Niliilamba mara moja tu."

Ikawa hivyo, wengine wawili nao wakasema yao. Watoto wanane, na watano kati yao walikuwa wauaji, kila mmoja peke yake, kila mmoja ameshonwa mdomo kwa uzi wa katani, akidhani gunia linalonuka ni lake tu. Walitazamana. Nanjala aliinua kidevu kutoka kwenye mahindi akawatazama pia, kama mtu aliyepotea msituni aonapo moshi wa wengine.

Nelima hakugeuza hata shingo. "Ukweli wa Nasambu mimi sina," alisema kwa sauti ya kutosha. "Aliye nao yumo stoo. Anafagia mahali palipokwisha fagiliwa."

Kutoka mlangoni hadi kwenye turubai ni hatua sita. Wepukhulu, aliyezoea kuhutubia umati bila karatasi, alizitembea kama anapanda mlima na mzigo. Alikuwa na vumbi la kijani kichwani. Alipofika hakujua asimame au aketi, akapiga magoti pembeni ya mahindi.

"Nanjala. Moyo wa mama yenu ulikuwa mgonjwa tangu mwaka jana. Daktari aliniambia mimi. Angekufa hata kama jua lingewaka wiki nzima. Si mvua. Si wewe."

Mtoto alimtazama. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Hata ulipokuwa ukinisifu?"

Khisa alikuwa akimtazama pia, na Wepukhulu aliteremsha macho kama vile Nanjala alivyoteremsha yake sebuleni, na sasa alijua ile haikuwa adabu.

Ndipo Nanjala alipolia. Si kilio cha kupendeza. Ni kile cha kamasi na sauti ya mnyama. Wepukhulu, kwa mazoea, aliinua mkono amtulize, na Nelima akaushusha ule mkono kwa kidole kimoja.

Mvua nayo haikujali mafundisho ya mtu. Ilianza, matone makubwa. Watoto saba wakashika kingo za turubai wakaliburuta kuelekea stoo, wakipiga kelele, wakiangushana, na Khisa akageuka akapaza sauti, "Nanjala, wewe kaa tu! Sisi tunaanua!" Akakaa. Alisogea chini ya upenu wa nyumba, magoti kifuani, mikono mitupu. Kwa mara ya kwanza mvua ilinyesha na yeye hakuokoa kitu.

Hakula ugali siku ile. Msidhani. Aliula wiki ya tatu, matonge mawili, na akasema hauna chumvi.

Watoto wale waliendelea kukutana kila Jumamosi kwenye turubai, hata mahindi yalipokwisha. Walichambua maharagwe, siku nyingine hawakuchambua chochote. Wepukhulu alikwenda kwenye kamati yake, akasimama, akaungama mbele ya watu aliyoyafanya. Akaomba kila msiba uwe na turubai moja chini, la watoto, na mtu mzima mmoja asiye na haraka, na ukweli usemwe. Kamati ilimsikiliza kwa heshima, ikaliandika jambo lake kwenye "Mengineyo", na saa ya chakula ikafika. Ofisi ya serikali inayohusika na watoto nayo ilileta bango, ikawapanga wale wanane mbele ya bango, ikawapiga picha. Wakaambiwa watabasamu.

Basi nyinyi wa kamati, nyinyi wachungaji, walimu wakuu, na nyinyi wa ofisi yenye bango: hatuhitaji semina nyingine hotelini. Mmekuwa mabingwa wa kutikisa chupa ya kila kitu isipokuwa hii ya watoto. Fungueni programu zenu za rangi, futeni jina la mheshimiwa mmoja, andikeni hapo saa ya watoto. Waiteni kwa majina. Waketisheni pamoja, waambieni aliyekufa alikufa kwa nini, kisha fungeni midomo yenu mpaka wao wafungue yao. Na turubai lile mlilopandisha juu ili jua lisiwaguse nyinyi, lishusheni. Msiba ujao ni kesho. Lishusheni leo.